Kijito Kilichogeuzwa Mpaka: Uchambuzi wa Kisa cha Gurupema Moja ya Sud-Kivu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka katika gurupema moja (kundi la vijiji chini ya chefu mmoja) ya milimani, Sud-Kivu, mashariki mwa Kongo, safari ya siku nzima kutoka Bukavu: kwanza gari, kisha pikipiki, mwisho miguu. Majina ya watu, vijiji, cheferi (eneo la mwami, mkuu wa jadi) na shirika lililosimamia upatanishi yameondolewa. Makabila mawili yanayohusika nitayaita wa Juu na wa Chini, kwa sababu wale wengi wao wanaishi kwenye malisho ya mlimani na hawa wengi wao wanalima mabondeni. Tarehe nimeziacha, nimebaki na misimu. Yote yalitokea kabla ya waasi wa M23 kuingia Bukavu mwezi wa pili 2025, kwa hiyo mtu asiyasome kama habari za hali ya sasa.

Nimekiandika kwa ajili ya wale wanaoanza kazi ya upatanishi. Nimetumia faili ya timu ya upatanishi, miniti za vikao vilivyofanyika Bukavu, na maelezo ya watu wa pande zote waliokubali kuzungumza. Katika timu yenyewe sikuwamo. Kuna maamuzi yake nitakayoyasifu na mengine nitakayoyapinga.

Swali la kisa hiki ni kubwa kuliko mlima wenyewe: watu wa makabila mawili wakishamwagiana damu, je, kuwatenga kwa mpaka kunamaliza vita? Kwingineko limejibiwa kwa ramani za nchi nzima. Hapa lilijibiwa kwa kijito ambacho wakati wa kiangazi hata mtoto anakiruka.

Usuli: ardhi, muhuri na kalinzi

Uchefu wa gurupema uko mikononi mwa wa Chini tangu zamani. Wa Juu wapo hapo kwa vizazi kadhaa. Baadhi ya koo zao zilimlipa mwami kalinzi, ng'ombe anayethibitisha haki ya kukaa na kulima; nyingine zilikuja baadaye zikapewa sehemu za kutumia tu, kwa mapatano ya mdomo. Hakuna upande unaoyakana hayo. Wanachogombania ni uzito wake leo: babu aliyetoa ng'ombe enzi za Wabelgiji, je, mjukuu wake ni mwenye ardhi au bado ni mgeni wa mwami?

Sheria ya nchi haikuwasaidia. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya Dola. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini, kifungu chake cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki zao, na miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Katika pengo hilo, neno la chefu ndilo karatasi. Anayetaka kujenga, kuuza shamba, kuandikisha mtoto au kuhamisha ng'ombe, anapita kwake au kwa kapita wake, msimamizi wa kijiji aliye chini yake.

Wa Juu walikuwa na kapita wao, lakini kapita hana muhuri. Ukisoma malalamiko yao mfululizo kwenye faili, yanarudia mambo yaleyale. Watoto wanaozaliwa juu huandikwa chini, tena kwa kuchelewa. Ushuru wa ng'ombe wanaoteremka kiangazi hupanda bila risiti. Kesi za mashamba huamuliwa na watu wa kabila moja. Wa Chini nao wana yao: ng'ombe huingia kwenye maharagwe kabla hayajavunwa, mchungaji anakuwa mtoto asiyejua lolote, na mwenye ng'ombe akipatikana anasema kesi iende kwa kapita wake.

Tena watu wa Kivu wamezoea mkasi. Kivu ilikatwa mara ya kwanza mwaka 1962, enzi za majimbo madogomadogo. Ikaunganishwa tena 1966. Mwaka 1988 ikagawanywa kuwa Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema. Mwaka 2015 nchi nzima ilitoka majimbo 11 hadi 26, na Katanga ya watu wa Lubumbashi ikawa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila mkato ulileta magavana, wabunge wa jimbo, ofisi na magari. Kijana wa kijijini akisikia "tugawe", hawazi mpaka peke yake. Anawaza pia nani atakaa kwenye kiti.

Namna moto ulivyowaka

Ulianza kiangazi, sokoni. Soko la gurupema hukusanyika mara moja kwa wiki karibu na kivuko cha kijito, upande wa Chini. Wa Juu huleta viazi, maziwa na jibini. Wa Chini huleta unga wa muhogo, mafuta ya mawese, chumvi na sabuni zilizopanda kutoka ziwani. Siku hiyo mtoza ushuru alikamata ndama wa mtu aliyedaiwa faini ya shamba lililoliwa. Kijana mmoja akataka kumnyang'anya kamba, wakapigana, kisu kikatoka. Usiku nyumba zikachomwa juu na chini. Waliokufa wiki ile walitoka pande zote mbili.

Baada ya hapo vijana wa kila upande, baadhi wakiwa na silaha, walijipa kazi ya ulinzi. Familia nyingi zilikimbilia msituni au kwa jamaa, na zingine ziliteremka hadi Bukavu, zikabanana kwa ndugu huko Kadutu na Bagira. Wanajeshi waliopelekwa walikuwa wachache na walikaa karibu na barabara, mbali na kijito.

Hapa ndipo Bukavu inapoingia, na naomba msomaji apaangalie vizuri. Kila kabila lina mutualite yake mjini, yaani chama cha watu wa asili moja: walimu, wafanyabiashara, mawakili, watumishi wa serikali waliozaliwa kule na kujenga huku. Ombi la kugawa gurupema liliandikwa mjini, kwa Kifaransa kizuri, na watu ambao wengi wao hawakuwa wamelala kijijini kwa miaka. Liliomba gurupema mpya kwa ajili ya wa Juu, mpaka wake ukiwa kijito. Kwa mshangao wa timu, mutualite ya wa Chini haikulipinga kwa nguvu. Vijana wao walikuwa wakisema: "Wabaki kwao, sisi tubaki kwetu." Wote walitaka mpaka. Mmoja aliutaka apate chefu, mwingine aliutaka asimuone tena jirani yake. Chefu peke yake ndiye aliyeukataa kabisa, na sababu yake haikuwa siri: nusu ya ushuru wake ilikuwa juu ya mlima.

Mezani Bukavu

Vikao vilifanyika katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Ibanda. Mezani palikuwa na ramani iliyokuzwa kwa fotokopi hadi mistari ya miinuko ikawa mifereji mieusi. Msimamizi wa kikao alichora kijito kwa kalamu nyekundu.

Mzee mmoja wa Juu aliinuka, akaweka kidole chini ya ile nyekundu. "Kaburi la mama yangu liko hapa. Nikienda kulifyekea, nitaomba ruhusa kwa nani?"

Mzee wa Chini akamjibu kwa upole: "Mzee mwenzangu, nani atakukataza? Hiyo ni karatasi tu."

Kisha mama mmoja muuza maharagwe, aliyeletwa ili "wanawake wawakilishwe", akaomba neno. "Wazee wetu, mnisamehe. Kijito hicho mwezi wa saba hakina maji. Mpaka wenu utakuwa mawe, na juu ya mawe hayo ndipo sisi tunapokaa tukiuza." Wakacheka. Miniti za siku hiyo zina mstari mmoja kumhusu: "Mama mmoja ameonyesha wasiwasi kuhusu maji."

Timu ilikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kuunga mkono ombi la gurupema mpya. Waliikataa, na walifanya vema. Kuunda gurupema si mamlaka ya wazee wala ya msimamizi wa teritwari, na mambo ya Minembwe, hukohuko Sud-Kivu, yalikuwa bado mabichi. Komini ya vijijini ya Minembwe, iliyoundwa kwa dekreti ya 2013, ilizua ghadhabu ya nchi nzima meya wake alipotawazwa mwezi wa tisa 2020, mpaka Rais Tshisekedi, akiwa Goma mwezi uliofuata, akatangaza kuifuta. Katika Kivu mtu akichora mstari wowote, kesho yake ataitwa mjumbe wa balkanizasio, yaani kuikata nchi vipande.

Ya pili ilikuwa kuacha suala la ardhi kabisa na kushughulikia ushuru, kesi na daftari za vizazi. Wataalamu wawili wa timu waliitaka njia hii. Ilishindwa kwa hoja ambayo si ya kipuuzi: watu wanachomeana nyumba leo, huwezi kuwaletea mazungumzo ya risiti.

Wakachukua ya tatu, mstari wa muda. Kijito kingetenga pande mbili, vijana wenye silaha wangebaki kila mmoja upande wake, soko lingefungwa kwa wiki chache kisha kufunguliwa kwa zamu, na ng'ombe wasingevuka "mpaka hali itakapotulia". Chefu alikubali alipohakikishiwa kwamba mstari haugusi mamlaka yake. Wa Juu walikubali wakiamini kwamba mstari wa muda ndio mwanzo wa gurupema. Wote wawili walitia saini karatasi moja.

Kuna sababu nyingine isiyo kwenye miniti. Fedha za mradi ziliishia mwisho wa mwaka, na mfadhili alitaka kuona mapatano yaliyosainiwa. Sisemi hilo ndilo lililoamua. Nasema maneno "mpaka hali itakapotulia" hayana tarehe, na mtu asiye na haraka angeuliza: nani atasema imetulia?

Mstari ulipoanza kufanya kazi

Kwanza haki yake: mauaji yalikoma. Wiki za mwanzo watu walilala. Baadhi ya waliokuwa Kadutu walirudi kuvuna. Anayesema mstari haukufaa kitu hakuwako wakati ule.

Kisha yakaanza mengine. Juu pakafunguliwa soko jipya, dogo, la viazi mbele ya viazi. Bei yake ikaanguka kwa sababu hakuna aliyekosa viazi, huku unga na chumvi vikipanda. Chini ikawa kinyume chake. Wanawake wakaanza kuvuka alfajiri. Vijana wa pande zote wakaligundua hilo mapema kuliko timu, wakaweka kamba kwenye kila ukingo. Mama akishuka na gunia analipa faranga 500 kwa vijana wa juu, anapiga hatua chache ndani ya maji, analipa 500 nyingine kwa vijana wa chini. Akirudi, vivyo hivyo. Nimeonyeshwa vikaratasi viwili vya siku moja: kimoja kipande cha daftari la shule chenye saini tu, kingine kimegongwa muhuri uliochongwa kwa kandambili. Vijana waliokuwa wakitafutana kwa mapanga sasa walikuwa wakipeana moto wa sigara kuvuka kijito, kila mmoja akilinda kamba yake, na yeyote kati yao hakuwa na hamu ya hali kutulia.

Lililonisumbua zaidi katika faili ni habari ya kitongoji kimoja. Kilikuwa cha wa Chini, lakini kimejengwa upande wa juu wa kijito tangu enzi za mashamba ya kwinini. Usiku ule mbaya kabisa, nyumba zake hazikuguswa. Majirani wa Juu walisimama njiani wakawazuia vijana wao. Baada ya mstari, majirani walewale walikuja mchana, bila panga, wakasema: "Sisi hatuna ubaya nanyi. Lakini sasa mna kwenu." Familia zikafungasha polepole, moja baada ya nyingine. Upande wa pili mambo kama hayo yaliwapata wa Juu wachache waliokuwa wakikaa karibu na shule.

Watu wa Lubumbashi wa umri wangu wanaijua kauli hiyo. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai waliambiwa wana kwao, wakalundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga na wazazi waliozaliwa Katanga.

Ndoa za mchanganyiko hazikuwa na mstari wa kukaa. Kituo cha afya na nyumba ya uzazi viko chini. Mjamzito mmoja wa Juu alizuiliwa kwenye kamba hadi karibu alfajiri. Mtoto alizaliwa salama, lakini tituleri (muuguzi mkuu) wa kituo aliandika barua kali, akapeleka nakala kwa chefu, kwa kapita, kwa daktari mkuu wa zoni ya afya na kwa timu Bukavu. Nao Batwa wanaokaa kandokando ya msitu, ambao hakuna aliyewaita Bukavu, walitozwa na pande zote kwa hoja kwamba hawajulikani ni wa nani.

Kiangazi kikarudi. Majani ya juu yakakauka, na ng'ombe hawasomi mapatano. Wachungaji wakawateremsha usiku. Ng'ombe walikatwa mapanga, wachungaji wawili wakajeruhiwa, na safari hii kila upande ulikuwa na hoja mpya ambayo zamani haikuwepo: mmoja alisema amevamiwa ndani ya mpaka wake, mwingine akasema mpaka umemfungia maji ya babu yake.

Kugeuza njia

Wanawake ndio waliogeuza mambo, bila kikao. Kijito kilipokauka, wauzaji wa pande zote walianza kukutana katikati, juu ya mawe, ndani ya njia ya maji. Hoja yao kwa vijana wa kamba ilikuwa fupi: hapa si juu wala chini, utanitoza kwa ardhi ya nani? Vijana wakabishana wao kwa wao, na walipokuwa wakibishana, soko likawa limeshajaa.

Timu ilirudi kutoka Bukavu ikiwa na barua ya tituleri mkononi na agizo la kuimarisha mstari. Kwa sifa yao, walipoona mawe yale yamejaa magunia waliachana na agizo. Kiongozi wa timu aliandika kwamba badala ya kuuliza mpaka upite wapi, waulize kila kitu kinachovuka kinavuka kwa masharti gani. Kutoka hapo mazungumzo yakawa ya kuchosha, marefu, na yenye manufaa.

Njia ya ng'ombe iliwekewa vigingi, miezi ya kupita ikatajwa, ada kwa kila kundi ikaandikwa na risiti ikawa ya nakala mbili. Kabla ya ng'ombe kuteremka, mjumbe wa kila upande hukagua kama maharagwe ya kando ya njia yamevunwa. Ushuru wa soko ukakusanywa na makarani wawili, mmoja wa kila kabila, kwenye daftari moja. Juu pakawekwa msaidizi wa daftari za vizazi, mtu wa Juu, anayeandika hukohuko na kupeleka daftari kwa chefu kila mwezi kugongwa muhuri. Kesi za mashamba zikapewa kamati ya mseto, ikiwa na wanawake na Batwa wawili. Kamba zilipaswa kuondolewa. Mstari wa muda ukafutwa kwa maandishi, na ombi la gurupema likaelekezwa kwenye njia ya kisheria bila timu kuliunga mkono wala kulipinga.

Matokeo

Misimu miwili ya kiangazi ilipita bila mtu kuuawa kwa ajili ya ng'ombe au ushuru. Kamba ya chini iliondolewa mara moja. Ya juu ilikaa miezi mingi, mpaka kijana aliyeiongoza alipoondoka kwenda kuchimba dhahabu. Soko lilirudi kivukoni. Vizazi vya juu vikaandikwa kwa wakati, na hilo ndilo jambo ambalo kila mzazi wa Juu niliyemuuliza alilitaja kwanza.

Kitongoji hakikurudi. Familia chache tu zilipanda tena. Nyingine ziliuza mabati na kubaki bondeni au Bukavu. Mutualite ya wa Juu iliyaita mapatano hayo usaliti, mutualite ya wa Chini ikasema chefu amevuliwa nguo. Chefu naye analalamika kwamba daftari la makarani wawili limempunguzia mapato kuliko mpaka ambavyo ungempunguzia, na huenda ni kweli, kwa kuwa zamani hapakuwa na daftari.

Uchambuzi

Wanaotetea kugawa wana hoja inayostahili kusikilizwa. Watu wakishaogopana kiasi cha kulala na mapanga, wanasema, kuwachanganya ni kuwaandalia mauaji mengine. Watenganishe kwanza, mengine baadaye. Wanaitaja Cyprus, kisiwa cha Wagiriki na Waturuki, ambako tangu 1974 mstari umesimama na vita havijarudi. Ni kweli. Lakini mstari ule ulisimama baada ya watu zaidi ya laki mbili kuhama nyumba zao, na hata hivyo kuna kitu haukuweza kukigawa. Mji wa Nicosia umekatwa katikati, ila maji machafu yanafuata mteremko. Miaka michache tu baada ya vita, wakuu wa pande mbili za mji, Lellos Demetriades na Mustafa Akıncı, walilazimika kukubaliana mfumo mmoja wa mabomba ya maji taka. Kijito chetu kingewapa somo hilo bure.

Jambo la pili ni kwamba mpaka huzaa wachache wapya. Katanga ilipojitenga tarehe 11 mwezi wa saba 1960 kwa jina la Wakatanga, Wabaluba wa kaskazini walikataa, na ndani ya nchi iliyotangazwa kuwa ya watu wamoja ikaanza vita nyingine. Sudani Kusini ilipiga kura mwanzoni mwa 2011, karibu asilimia 99 wakataka kutengana, na tarehe 9 mwezi wa saba ikawa huru. Desemba 2013 ilikuwa tayari inapigana yenyewe kwa yenyewe. Kisha majimbo yake 10 yakakatwa kuwa 28, yakawa 32, na mwaka 2020 yakarudishwa 10 na maeneo matatu ya utawala maalumu. Kitongoji kilichofungasha juu ya kijito ni habari hiyohiyo kwa udogo wake. Kabla ya mstari walikuwa majirani wa kabila jingine. Baada ya mstari wakawa watu waliokosea upande.

Mpaka wa India na Pakistan wa 1947 unatajwa sana, na mimi nautaja kwa sababu moja tu: aliyeuchora, Cyril Radcliffe, hakuwa amewahi kufika India kabla ya kazi hiyo, na mstari wake ulitangazwa siku mbili baada ya uhuru. Mamilioni walihama. Katika kisa chetu kalamu nyekundu ilishikwa Ibanda na walioisukuma waliishi Ibanda. Hakuna hata mmoja wa mutualite aliyelipa faranga 500 kwenye kamba. Ningekuwa naendesha mafunzo, ningewaambia vijana watenganishe orodha mbili kabla ya kikao chochote: nani anadai mpaka, na nani atauvuka kila wiki. Katika faili hii majina hayakugongana kabisa.

Hata hivyo silaumu mstari wenyewe kama njia ya kusimamisha mapanga. Kilichoharibu ni kuuchanganya na mpaka. Mstari wa kusitisha mapigano unahitaji tarehe ya kuisha, mlinzi asiye wa upande wowote, na maelezo ya nani na nini kinapita tangu siku ya kwanza: mjamzito, mgonjwa, mwanafunzi, ng'ombe wa kiangazi, muuzaji. Huu haukuwa na hata kimoja, kwa hiyo vijana waliujazia wenyewe. Aidha saini mbili zilibeba tafsiri mbili. Mapatano ambayo kila upande unayasaini kwa sababu unayaelewa tofauti hayajafikiwa bado.

Kuhusu mafanikio, timu ilisaidiwa na jambo ambalo limeonekana kwingine pia: sehemu isiyogawanyika hutawaliwa vizuri zaidi inapokubaliwa kuwa ya wote. Mapatano ya Dayton ya 1995 yaliigawa Bosnia asilimia 51 kwa Waislamu na Wakroati na 49 kwa Waserbia, ila yakashindwa kuugawa mji wa Brčko. Usuluhishi wa 1999 ukaufanya wilaya ya pamoja. Huko Abyei, kati ya Sudani mbili, Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya Hague ilichora mipaka mwaka 2009, na makabila ya Wangok Dinka na Wamisseriya hayakuacha kugombana juu ya njia za ng'ombe. Penye nafuu kidogo ni kwenye kamati ya pamoja na soko la Amiet, ambako pande zote huuza na kununua.

Hapa natofautiana na ripoti ya mwisho ya timu. Inasema dai la gurupema "limepoteza maana". Mimi siamini. Wa Juu walidai muhuri, kesi za haki na ushuru wenye risiti. Wakapewa msaidizi wa daftari asiye na muhuri. Ni hatua, na ni kubwa kuliko yote waliyopata kwa miaka mingi, lakini inategemea hisani ya chefu aliyepo. Akija mwingine akaamua daftari lirudi chini, ombi lile la Kifaransa kizuri litatolewa kabatini siku hiyohiyo.

Kuna na suala la mshahara. Makarani wawili walilipwa na mradi, na mradi umekwisha. Tangu hapo wakawa wanajilipa kutokana na ushuru wa soko kabla ya kuupeleka kwa chefu, kiwango kikiwa kimekubaliwa kwa mdomo. Wauzaji wa kivukoni wameshaomba daftari lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi. Karani wa Chini amekubali. Wa Juu anasema atamuuliza kapita wake kwanza.